Naomba ushauri: mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayetaka kusoma afya ya umma chuo kikuu

MwanaVingunguti ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, mkazi wa Vingunguti hapa Dar es Salaam. Nilimaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), nikakosa nafasi ya udaktari kwa alama chache, na badala ya kukaa nyumbani nikajiunga na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Nilipitia mafunzo ya miezi sita chini ya mpango uliozinduliwa Januari 2024, na tangu hapo napita nyumba kwa nyumba nikiwa na daftari, mkoba na utepe wa kupimia mkono wa mtoto.

Mwaka huu nataka kuomba chuo. Mama yangu anataka nisome uuguzi, kwa kuwa kazi ya muuguzi inajulikana na kila mtu. Mjomba, ambaye ndiye atakayenisaidia ada, anasema nirudie mtihani niingie udaktari, hata kama ni miaka mitano ya masomo na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Mimi moyo wangu uko kwenye afya ya umma, ila mjomba akiniuliza, "Ukimaliza utakuwa nani?" nashindwa kumpa jibu lililonyooka.

Naomba nieleze ni kitu gani kilichonifikisha hapa. Katika mtaa wangu kuna mtoto wa kike ambaye leo ana mwaka mmoja na miezi saba. Mara ya kwanza nilipomzungushia utepe ulisoma sentimita 11.2, maana yake yuko kwenye rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali, ambayo huanzia chini ya 11.5. Nikaandika rufaa, mama yake akampeleka kituo cha afya, mtoto akapewa chakula dawa, na baada ya wiki kadhaa akawa kwenye kijani. Nilifurahi sana siku ile. Miezi minne baadaye nikamkuta tena kwenye nyekundu, nikaandika rufaa nyingine, akapona tena. Mara ya tatu, mama yake aliniangalia nikiandika, akauliza kwa upole, "Dada, huo utepe wako unapima mkono tu, au unapima na huko nje?" Akanyoosha kidevu kuelekea uchochoroni, ambako choo cha jirani hutapishwa kila mvua kubwa inaponyesha, na maji yake hupita mbele ya mlango wake, palepale mtoto anapojifunzia kutembea.

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu mafunzo yangu yanaishia kwenye rufaa. Ninachotaka kusoma ni kile kitakachoniwezesha kulishughulikia swali la yule mama. Je, afya ya umma ndiyo yenyewe? Kwa hapa kwetu mtu huanzia kozi gani? Na je, ukimaliza ajira ipo, au nitarudi palepale na cheti kikubwa zaidi? Naombeni majibu ya kweli, hata kama hayapendezi.

---

Bwana Afya Mstaafu amejibu:

Binti yangu, swali lako nimelisoma mara mbili, na la yule mama nimelisoma mara tatu. Nimefanya kazi ya afya ya mazingira katika halmashauri za jiji hili na nje yake hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitaanza na lile la mjomba wako, kwa kuwa jibu lake lipo. Utakuwa afisa afya wa mazingira, yule ambaye wazee mitaani bado wanamwita bwana afya au bibi afya. Ni taaluma yenye baraza lake la kusajili, na yenye Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 inayokupa mamlaka ya kuingia, kukagua na kumwamuru mwenye nyumba aondoe kero. Choo kile kinachotapishwa, wewe leo unaweza kukisikitikia, ilhali afisa afya anaweza kukiandikia ilani.

Katika vyuo vyetu, jina lenyewe la afya ya umma utalikuta zaidi kwenye shahada ya uzamili. Kwa shahada ya kwanza, mlango uliozoeleka ni Sayansi ya Afya ya Mazingira, ambayo hapa Dar es Salaam inafundishwa MUHAS, yaani Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pale Upanga. Zipo pia stashahada katika vyuo kama Ngudu kule Kwimba na Kagemu kule Bukoba, na nimefanya kazi na vijana waliotoka huko ambao walijua kazi kuliko wengi wenye shahada. Soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu mwenyewe, usisimuliwe, maana vigezo hubadilika.

Lakini sitaki uone kazi hii kama ya ilani na faini. Mimi nilikuwa kijana mdogo mwaka 1973 wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima kijijini kwetu walikaa chini ya mwembe na redio moja, somo likasomwa hewani, kisha wakajadiliana wenyewe wachimbe vyoo wapi na lini. Karibu watu milioni mbili nchi nzima walishiriki katika vikundi vile. Baba yangu alichimba choo chetu mwezi uleule, na hakuna aliyemtisha kwa faini. Nilipoajiriwa nilikuwa nimekwisha kuona kwa macho yangu kwamba mtu akielewa sababu, jembe hulishika mwenyewe.

Nikupe na la pili, la mwaka 2015, kipindupindu kilipoanza Kinondoni mwezi wa Agosti kikasambaa hadi mikoani. Tulikuwa tumebandika mabango ya kunawa mikono kila kona, na katika mtaa mmoja wagonjwa hawakupungua. Tukachukua kile kisanduku kidogo cha kupimia klorini, ambacho unatia maji, unatumbukiza kidonge, na maji yakiwa na klorini yanageuka rangi ya waridi. Kwenye tangi la juu, waridi safi. Kwenye bomba la uani, waridi hafifu mno. Kwenye ndoo ya mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa usiku ule, maji yalibaki meupe kama yalivyochotwa. Tukaufuata mpira wa maji kwa miguu, mita kwa mita, tukakuta unapita ndani ya mtaro wa majitaka, na mahali ulipounganishwa umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Maji yakiwa yanatoka hakuna shida, lakini yanapokatika, mpira unakosa msukumo na kufyonza chochote kilichouzunguka. Yule mama alikuwa ananawa mikono kama mabango yetu yalivyomwambia, na alikuwa ananawa kwa maji hayo.

Siku ile niliona haya kwa niaba ya mabango yetu yote. Tulikata kile kipande, tukaupandisha mpira juu ya ukuta, tukagawa vidonge vya kutibu maji hadi mpira mpya ulipopatikana. Kazi unayoitaka ndiyo hiyo, binti yangu. Unapochagua chuo, waulize waliotangulia wametumwa wapi kwa mafunzo ya vitendo, kwa wiki ngapi, na nani aliyewasimamia. Majengo yasikubabaishe.

---

Mhitimu wa Mbagala amejibu:

Dada, mzee ameeleza vizuri na ninamheshimu, lakini umeomba ukweli kuhusu ajira, na mimi ninao wa kwangu.

Nina shahada ya afya ya mazingira tangu 2021. Nilijitolea katika halmashauri moja kwa karibu miaka miwili bila posho yoyote, hata nauli. Nilikagua magenge ya mama lishe, nikajaza fomu, nikaandika taarifa ambazo zilipelekwa kwa jina la mtu mwingine. Nafasi zilipotangazwa na Sekretarieti ya Ajira niliomba kila mara, na kila mara tulikuwa wengi mno kwa nafasi chache. Hatimaye nikapata mkataba kwenye mradi wa VVU uliofadhiliwa kutoka nje, nikawa nalipwa vizuri. Kisha mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na sisi tuliokuwa tukitegemea miradi tukarudi nyumbani ndani ya wiki chache. Wagonjwa niliokuwa nikiwafuatilia walinipigia simu kuuliza kwa nini sionekani, na hilo liliniuma kuliko mshahara.

Leo niko kwenye kiwanda cha vyakula, nasimamia usafi na usalama wa wafanyakazi. Ni kazi ya halali na ninaitumia elimu yangu kila siku, ila sikuwaza kwamba nitafika huku. Nakueleza haya ili mjomba wako asije akasema ulidanganywa.

Kilichonisaidia nilipokuwa sina kitu ni MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Wakati wa kujitolea nilijifunza kujumlisha vitabu vile vya zahanati, kutafuta takwimu zilizorukwa, na kuziingiza kwenye mfumo wa kompyuta. Wenzangu waliikimbia kazi hiyo kwa sababu inachosha macho, nami nikaitwa kwenye usaili wa mradi kwa sababu yake. Ukienda chuoni, takwimu usizichukulie kama somo la kufaulu tu.

---

Mwalimu wa Takwimu amejibu:

Nafundisha epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa na vyanzo vyake, na takwimu za afya katika chuo kimojawapo nchini, na nimekuwa nikisoma mjadala huu kwa makini. Ndugu Mhitimu amesema kweli kuhusu miradi, na vyuo vyetu vinapaswa kuwaambia vijana jambo hilo siku ya kwanza. Nitaongeza kuhusu kile hasa utakachokikuta darasani, kwa kumtumia mtoto wako wa utepe mwekundu.

Kwa mhudumu, yule ni mtoto mmoja aliyerudi mara tatu. Mwanafunzi wa epidemiolojia huanza kwa kuuliza: kati ya watoto wangapi? Tuseme umepima watoto 180 katika mtaa, na tisa kati yao wako kwenye nyekundu. Hiyo ni asilimia tano, na peke yake haisemi mengi. Sasa chukua watoto 60 wanaoishi kando ya mitaro inayopokea vyoo vilivyotapishwa, ukute saba kati ya wale tisa wanatoka humo, na wawili tu katika wale 120 wengine. Hapo swali la yule mama limeanza kuwa na umbo ambalo diwani na mganga mkuu wa wilaya hawawezi kulipuuza. Bado hujathibitisha kwamba mtaro ndio sababu, kwa kuwa huenda wanaokaa karibu na mtaro ndio maskini zaidi na wanakosa chakula pia. Kujifunza kuitenganisha sababu moja na nyingine, bila kujidanganya, ndiyo sehemu kubwa ya masomo haya, na inahitaji uvumilivu.

Usifikiri hili ni jambo la vitabuni tu. Jiji hili lenyewe limewahi kuwa darasa. Mwaka 2004 ulianza mpango wa kudhibiti malaria mijini katika kata 15 za Dar es Salaam, na waliokagua madimbwi kila wiki wakitafuta viluwiluwi vya mbu walikuwa wakazi wa mitaa hiyohiyo, watu wenye uzoefu kama wako. Walichora ramani kwa kufuata mashina ya nyumba kumi, kwa sababu mjumbe wa nyumba kumi anajua mipaka ambayo ramani ya serikali haioneshi, na viwanja vilivyosahaulika vikaonekana. Mwaka 2006 kata tatu, Buguruni, Kurasini na Mikocheni, zikaanza kuwekewa dawa ya kibaiolojia inayoua viluwiluwi, na maambukizi kwa watoto wadogo yakashuka. Leo dawa za aina hiyo zinatengenezwa hapahapa nchini, Kibaha. Napenda kuwakumbusha wanafunzi wangu kwamba bila wale wakaguzi wa mtaani, watafiti wasingejua hata dawa imwagwe wapi.

Kuna jambo moja ambalo miongozo ya vyuo haikuambii, nalo ni la lugha. Utafundishwa kwa Kiingereza na utafanya kazi kwa Kiswahili, na katikati ya lugha hizo mbili takwimu nyingi huharibika. Miaka kadhaa iliyopita wanafunzi wangu walikwenda na dodoso lililouliza kama mtoto ameugua kuhara katika wiki mbili zilizopita. Akina mama wengi walijibu hapana. Mwanafunzi mmoja, ambaye alilelewa na bibi yake, alikaa na mama mmoja kwa muda mrefu zaidi, akamsikia akisema, kama jambo la kupita tu, kwamba mtoto amekuwa akiharisha kwa sababu anaota meno. Kwa mama yule, kuharisha kwa meno si ugonjwa, ni hatua ya kukua, kwa hiyo alikuwa amejibu swali kwa uaminifu kabisa. Tukarudia nyumba zote kwa swali jingine: tangu wiki mbili zilizopita, kuna siku mtoto alipata choo chepesi mara tatu au zaidi? Majibu yalibadilika kiasi cha kutufanya tuitupe kazi yote ya wiki ya kwanza. Wewe tayari unajua mama anasema nini na anamaanisha nini. Ulinde ujuzi huo utakapokuwa darasani, kwa maana nimeona wengi wakiupoteza kufikia mwaka wa tatu, wakaanza kuzungumza na wananchi kama slaidi.

Kuhusu kozi, nakubaliana na mzee kwamba Afya ya Mazingira ndiyo iliyo karibu zaidi na swali lako. Lakini kama ukichunguza zaidi utagundua kwamba kinachokuvuta ni chakula cha mtoto kuliko mtaro, SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, wana shahada ya lishe. Na kama ni uendeshaji wa huduma zenyewe, Mzumbe wanafundisha usimamizi wa mifumo ya afya. Zote hukutana tena kwenye shahada ya uzamili ya afya ya umma. Mjomba hana haja ya kuogopa kwamba umefunga mlango.

---

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Mdogo wangu, mimi ni muuguzi wa miaka kumi na tatu, na nilisoma uzamili wa afya ya umma nikiwa kazini, kwa hiyo naweza kumsemea mama yako kidogo. Hofu yake ni ya haki. Anataka ule mkate wa uhakika, na amewaona wauguzi wakiupata.

Hata hivyo nisingekushauri uingie uuguzi kama njia ya kupitia tu. Zamu ya usiku wodini ina watoto wengi kama yule wako, na ukiwa na mgonjwa mmoja anayehitaji dripu saa tisa usiku, akili yako yote inapaswa kuwa kwenye mshipa ule, si kwenye mtaro wa Vingunguti. Niliwapenda wagonjwa wangu na bado nawapenda. Lakini kila nilipomruhusu mtoto aliyepona kuhara nikijua anarudi kwenye nyumba ileile, nilijihisi nimefanya nusu ya kazi, na ndiyo sababu nikarudi shule. Wewe umelijua hilo ukiwa na miaka ishirini na minne.

Ukizungumza na mama, usianze na jina la kozi. Msimulie habari ya utepe kama ulivyotusimulia sisi, kisha mwambie kwamba afisa afya anasajiliwa na baraza kama muuguzi anavyosajiliwa na lake. Kina mama wa rika lake wanamkumbuka bwana afya, na wengine walimkimbia walipokuwa watoto kwa kuogopa sindano.

---

MwanaVingunguti amejibu:

Shikamoo mzee wangu, nawe mwalimu, na dada yangu muuguzi. Kaka Mhitimu, nimeguswa sana na habari ya wagonjwa waliokupigia simu, na nimeisoma kwa sauti mbele ya mjomba. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema heri aliyesema hivyo kuliko anayeahidi ajira. Bado hajakubali moja kwa moja, ila ameacha kusema nirudie mtihani.

Mama nilimweleza kama dada alivyoshauri. Aliniuliza kama bibi afya huvaa sare. Nilipomwambia kwamba sijui, alicheka, akasema atamuuliza mwenyekiti wa mtaa. Nadhani tumefika pazuri.

Sasa niwaambie nilichofanya tangu mwalimu aandike. Nilichukua daftari langu la miezi kumi na minne nikahesabu. Nimepima watoto 143, na kumi na mmoja kati yao wamewahi kufika kwenye nyekundu. Kisha nikachora mtaa kwenye karatasi kubwa ya kalenda ya mwaka jana, upande wa nyuma, nikaweka uchochoro, mabomba na mitaro mitatu mikubwa, na kila nyumba ya mtoto wa nyekundu nikaitia alama ya kalamu nyekundu. Nyumba saba ziko kando ya mtaro mmoja, ule unaopita kwa yule mama. Nyingine nne zimetawanyika. Nilikaa nikiitazama karatasi ile hadi adhana ya alfajiri.

Nataka kumpelekea afisa afya wa kata. Je, mzee, atanisikiliza, au ataona kwamba mhudumu amevuka mipaka yake?

---

Bwana Afya Mstaafu amejibu:

Atakusikiliza, na asipokusikiliza siku ya kwanza, rudi ukiwa na mwenyekiti wa mtaa. Nenda asubuhi mapema kabla hajatoka kwenye ukaguzi. Usianze kwa kulalamikia choo cha jirani, kwa maana utamfanya aende kwa nyumba moja na kuandika ilani moja, na mtaro utabaki. Mwoneshe ramani kwanza, umwache aiangalie mwenyewe. Kisha muulize mtaro ule unaanzia wapi na unaishia wapi, kwa sababu mara nyingi hata sisi maafisa hatujaufuata hadi mwisho. Mkiufuata pamoja kwa miguu, hesabuni vyoo vilivyo na bomba la kutolea kuelekea mtaroni, na ulizeni kila mwenye nyumba gari la kunyonya majitaka lingeweza kufika wapi kama njia ingekuwapo. Wengi wanaotapisha vyoo hufanya hivyo kwa sababu gari halipiti, wala si kwa kupenda.

---

Mwalimu wa Takwimu amejibu:

Nafurahi kusoma habari ya karatasi ya kalenda. Nina mambo mawili kabla hujaitoa nje ya nyumba yako.

La kwanza, iandike upya bila majina ya watoto, bila majina ya mama zao na bila namba za nyumba. Alama nyekundu peke yake inatosha kumwonesha afisa afya, na hao akina mama walikufungulia mlango kwa ajili ya mtoto, hawakukubali mtaa mzima ujue nani mtoto wake amedhoofika. Daftari lenye majina libaki kwako.

La pili, ramani yako sasa inaonesha watoto wa nyekundu tu. Rudi uwaweke na wale 132 wengine kwa kalamu ya kijani, kila mmoja mahali pake. Inawezekana kando ya mtaro ule ndiko kwenye watoto wengi zaidi wa umri huo, kwa sababu vyumba vya huko ni vya kodi nafuu na familia changa ndizo zinazopanga, na kama ndivyo, saba kati ya kumi na mmoja haitakuwa ya kushangaza. Itakuchukua jioni mbili au tatu. Ukimaliza, weka picha yake hapa, ikiwa na mitaro na alama tu, tuihesabu pamoja kabla hujaenda kwa afisa afya.